Uvumi Una Mwenyewe



Usiku wa Juni 7, 2021, askari aliitwa kwenye shamba moja liitwalo Moselle, kusini mwa jimbo la South Carolina nchini Marekani. Ni shamba la ekari karibu 1,700, lenye nyumba kubwa, msitu wa kuwindia na mabanda ya mbwa. Karibu na mabanda hayo askari alikuta maiti mbili: Maggie Murdaugh, mama wa miaka 52, na mwanawe Paul, wa miaka 22. Wote wawili walikuwa wamepigwa risasi. Aliyepiga simu ya dharura, mnamo saa 4 na dakika 6 usiku, alikuwa mume wa Maggie na baba wa Paul, wakili Alex Murdaugh. Alikuwa bado yuko hapo hapo.

Kamera iliyokuwa kifuani mwa askari ilinasa mazungumzo yao. Askari hajapata hata nafasi ya kuuliza la maana, wakili akaanza kumweleza kwamba habari hii ni ndefu, kwamba mwanawe alihusika katika ajali ya boti, na kwamba tangu siku hiyo kijana amekuwa akitishwa. Hakuna aliyemuuliza muuaji ni nani. Jibu alilitoa mwenyewe, likiwa limeshaiva.

Nataka tukae kidogo na dakika hizo. Habari ilipoenea kaunti ya Hampton na za jirani, nadharia iliyotangulia vinywani mwa watu ilikuwa hiyo hiyo: kisasi cha boti. Ilibebwa na watu waliodhani wameigundua wenyewe. Na miezi 20 na ushei baadaye, mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji hayo yule yule aliyekuwa wa kwanza kuitamka.

Wasikilizaji, hoja yangu leo ni kwamba uvumi una mwenyewe. Hauzuki tu kama umande. Kuna anayeuanzisha na kuna anayefaidika nao, na mara nyingine ni mtu mmoja.

Lakini tusiwahukumu haraka watu wa Hampton. Kwanza tuwajue akina Murdaugh ni nani, maana bila hilo hatutaelewa kwa nini watu wale walikuwa wakinong'ona badala ya kusema.

Katika eneo hilo, mwendesha mashtaka mkuu huchaguliwa kwa kura, na eneo lake ni kaunti tano. Kuanzia mwaka 1920 hadi 2006, kiti hicho kilikaliwa na Murdaugh: babu mzaa babu, babu, kisha baba yake Alex. Miaka 86, vizazi vitatu mfululizo. Ndio walioamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na nani aende nyumbani. Upande wa pili wa barabara, kama tunavyoweza kusema, familia hiyo hiyo ilikuwa na kampuni ya mawakili iliyoanzishwa mwaka 1910, ikawa tajiri kwa kudai fidia za ajali, hasa dhidi ya kampuni za reli. Kwa hiyo mkono mmoja wa familia ulishika mashtaka ya jinai, mwingine ukashika madai ya fedha. Alex mwenyewe hakuwa mwendesha mashtaka mkuu, lakini alikuwa msaidizi wa kujitolea katika ofisi hiyo, na alikuwa na beji yake.

Sasa fikiria wewe ni mkazi wa Hampton, kaunti maskini isiyofikisha hata watu 20,000. Una malalamiko dhidi ya familia hiyo. Unayapeleka wapi? Wahenga wetu walishamaliza: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mtu wa namna hiyo hanyamazi kabisa, ila hasemi kwa sauti. Hunong'ona. Mnong'ono ndio mahakama ya asiye na mahakama, na asiyelijua hilo atawadharau bure wanaonong'ona.

Ajali ya boti ilionyesha jambo hilo waziwazi. Alfajiri ya Februari 24, 2019, boti ya familia hiyo iligonga nguzo ya daraja karibu na Parris Island, ikiwa na vijana sita waliokuwa wametoka kwenye sherehe. Binti wa miaka 19 alitupwa majini, na mwili wake ulipatikana baada ya wiki nzima. Usiku ule ule Alex Murdaugh alifika hospitalini walikopelekwa manusura, akazungukazunguka humo, beji ya ofisi ya mwendesha mashtaka ikining'inia mfukoni. Mmoja wa vijana hao alisema baadaye chini ya kiapo kwamba wakili huyo alimwambia afunge mdomo. Paul alikuja kushtakiwa kwa kuendesha boti akiwa amelewa na kusababisha kifo, akakana, akaachiwa kwa dhamana. Alikufa kesi ikiwa haijasikilizwa.

Basi usishangae kwamba risasi zilipolia Moselle, watu walihesabu maiti za nyuma. Wakamkumbuka kijana wa miaka 19 aliyekutwa amekufa katikati ya barabara ya mashambani Julai 2015, kifo ambacho awali kilisemekana ni cha kugongwa na gari, na mama yake hakukubali kamwe. Wakamkumbuka mama aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa akina Murdaugh kwa zaidi ya miaka 20, aliyewalea watoto wao, akaanguka kwenye ngazi za Moselle mwezi Februari 2018 na kufa hospitalini wiki chache baadaye. Cheti kikaandikwa kifo cha kawaida, na maiti haikufanyiwa uchunguzi. Wakaongeza na boti. Halafu ikajulikana kwamba mama na mwana waliuawa kwa bunduki mbili za aina tofauti, mmoja kwa shotigani, mwingine kwa raifoli. Bunduki mbili, basi wauaji wawili, watu wakakata shauri. Wengine wakaingiza magenge ya dawa za kulevya. Kila mtu akawa mpelelezi.

Polisi nao, bila kukusudia labda, wakaongeza kuni. Mwezi huo huo wa Juni 2021 walitangaza kufungua upya jalada la kijana wa mwaka 2015 kutokana na taarifa walizokutana nazo katika upelelezi wa Moselle. Hawakusema ni taarifa gani. Tangazo la sentensi mbili tatu, kila mtu akamalizia mwenyewe sehemu iliyobaki.

Sasa, wakati mji mzima unatazama damu, hebu twende ofisini.

Siku ile ile, Juni 7, saa kadhaa kabla ya mauaji, mhasibu mkuu wa kampuni ya mawakili alimfuata Alex Murdaugh ofisini kwake. Kulikuwa na ada ya dola 792,000 kutoka kwenye kesi moja, ambayo ilipaswa kuingia kwenye akaunti ya kampuni na haikuonekana. Alimtaka aeleze iko wapi. Mazungumzo yakakatizwa na simu: baba yake Alex amezidiwa hospitalini. Na siku tatu mbele, Juni 10, kulikuwa na kikao cha mahakama katika kesi ya madai ya familia ya yule binti wa boti. Wakili wao alikuwa akitaka Alex alazimishwe kufungua vitabu vyake vya fedha.

Baada ya mauaji, kikao kikaahirishwa. Mhasibu naye akanyamaza. Nani angemkaba mfiwa kwa habari ya hundi?

Waendesha mashtaka walikuja kuijenga kesi yao yote juu ya saa hizo: kwamba mtu aliyekuwa anakaribia kuumbuka alihitaji mji umwonee huruma badala ya kumtilia shaka. Utetezi ulisema hiyo si sababu ya baba kuua mke na mtoto. Lakini wizi wenyewe haukuwa nadharia. Ulikuwa kwenye karatasi, na ulikuwa umedumu miaka mingi.

Namna ulivyofanyika ni rahisi hadi inatia uchungu. Mtu akipata fidia kubwa ya ajali Marekani, mara nyingi fedha hazipewi yeye mkononi zote kwa mkupuo. Hupelekwa kwa kampuni ya kuzisimamia, zikawa zinatoka kidogokidogo kwa miaka. Moja ya kampuni halali za kazi hiyo jina lake linaanza na neno Forge. Murdaugh alikwenda benki akafungua akaunti yake binafsi ya biashara, akaiita hivyo hivyo, Forge. Kisha akawa anawaagiza wafanyakazi wa ofisini waandike hundi kwa jina la Forge. Karani akiandika, anaamini anaipeleka kwenye ile kampuni. Mteja akiuliza, anaambiwa fedha zako ziko mahali salama. Herufi ni zile zile. Akaunti ndiyo iliyokuwa nyingine.

Na walioibiwa ni nani? Mmoja alikuwa kijana kiziwi aliyepooza mwili baada ya ajali ya gari mwaka 2009. Wengine ni wasichana wawili, ndugu, waliofiwa na mama katika ajali wakiwa bado wadogo, na fedha zao za fidia zikageuzwa kuwa mikopo ya wakili na mkuu wa benki aliyewekwa kuwa msimamizi wao. Na wengine ni watoto wa yule mama wa kazi za ndani. Alex aliwaendea wakiwa na msiba, akawaambia wamshtaki yeye mwenyewe ili bima ilipe, akawatafutia hata wakili, ambaye ni rafiki yake wa tangu chuoni. Bima zikalipa zaidi ya dola milioni 4. Watoto hawakuona hata senti. Walikuja kujua kwamba fedha zilikwishalipwa kwa kusoma habari, kama mtu mwingine yeyote. Miaka baadaye Murdaugh, kupitia mawakili wake, alikiri kwamba hata ile hadithi ya mbwa waliomkwaza mama yule kwenye ngazi aliitunga ili bima ilipe.

Kilichomwangusha kilikuwa kitu chepesi kweli. Mwanzoni mwa Septemba 2021, msaidizi wake alikuwa akitafuta faili mezani kwake. Aliponyanyua, hundi ikachomoka, ikapeperuka hadi sakafuni. Ilikuwa sehemu ya zile ada zilizokuwa zikitafutwa tangu Juni, imeandikwa jina la Alex Murdaugh mwenyewe badala ya kampuni. Siku iliyofuata, Septemba 3, wenzake wakamtaka ajiuzulu. Kesho yake akapiga simu ya dharura kutoka kando ya barabara, akisema amepigwa risasi kichwani na mtu asiyemjua alipokuwa akishughulikia gurudumu bovu. Kwa siku chache, wale wa nadharia ya kisasi wakasema: si tuliwaambia? Haikupita muda mrefu, akakiri kwa polisi kwamba alimtafuta mtu amuue ili mwanawe mkubwa alipwe bima ya dola milioni 10. Kwa mara nyingine, adui wa kando ya barabara alikuwa ametungwa na mwathirika.

Tukifika kwenye kesi yenyewe, nitapita haraka, maana wengi mmeiona kwenye filamu za mfululizo. Ilisikilizwa mji wa Walterboro mwanzoni mwa mwaka 2023, mbele ya Jaji Clifton Newman. Kabla ya kuanza, jaji aliamuru picha kubwa ya babu yake mshtakiwa iondolewe ukutani mwa chumba cha mahakama. Ndiyo, wasikilizaji, picha ya Murdaugh ilikuwa imetundikwa humo. Mashahidi zaidi ya 70 walipita, lakini kilichotikisa kesi kilikuwa kipande cha video cha chini ya dakika moja, kilichopatikana kwenye simu ya marehemu Paul. Kijana alikuwa akirekodi mkia wa mbwa wa rafiki yake pale mabandani, saa 2 na dakika 44 usiku, muda mfupi sana kabla simu yake na ya mama yake hazijanyamaza moja kwa moja. Nyuma ya video inasikika sauti ya baba. Baba ambaye tangu usiku wa kwanza alikuwa amewaambia polisi kwamba hakufika mabandani kabla ya kukuta maiti. Alipopanda kizimbani alikiri kwamba alidanganya, akisema dawa za kulevya zilimtia wasiwasi wa kila mtu, lakini akashikilia kuwa hakuua. Machi 2, raia 12 wa juri walijadiliana kwa muda usiofika saa tatu, wakamtia hatiani. Kesho yake akapewa vifungo viwili vya maisha. Kwa wizi, alikiri mwenyewe: miaka 27 katika mahakama ya jimbo Novemba 2023, na miaka 40 katika mahakama ya shirikisho Aprili 2024.

Ungedhani uvumi ungekoma hapo. Ulihamia ndani ya mahakama. Karani wa mahakama aliyewahudumia wale wa juri aliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikatoka miezi michache tu baada ya hukumu. Utetezi ukadai kwamba aliwanong'oneza wanajuri wasimwamini mshtakiwa, kwa kuwa hukumu ya hatia ingeuza kitabu. Januari 2024 jaji mstaafu aliyepewa suala hilo aliona karani huyo hakuwa wa kuaminika kikamilifu na alivutwa na umaarufu, lakini akakataa kuamuru kesi ianze upya. Karani akajiuzulu Machi mwaka huo, na Mei 2025 akakamatwa. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imekubali kusikiliza rufaa. Mahakama zetu za Kenya na Tanzania hazina juri, kwa hiyo huenda jambo hili likaonekana dogo kwetu. Si dogo. Pale ambapo raia wa kawaida ndio wanaoamua, neno moja la koridoni linaweza kutia doa kazi ya wiki sita, hata kama ushahidi ulikuwa mzito.

Kuna mwingine aliyelipia. Mwana mkubwa wa Alex, aliyebaki bila mama, bila mdogo wake, na baba yuko gerezani, jina lake limezungushwa kwa miaka katika kifo cha yule kijana wa 2015. Polisi wa jimbo wamesema wanakichunguza kifo hicho kama mauaji. Hawajamshtaki yeye, wala mtu yeyote wa familia yake. Alitoa tamko la kukana mwaka 2023, na mwaka 2024 akafungua kesi ya kuchafuliwa jina dhidi ya waliotengeneza filamu. Upande wa pili yuko mama wa marehemu, ambaye minong'ono hiyo imemsaidia kitu kimoja tu: jalada lilifunguliwa. Haikumpa jibu. Wote wawili, mama na kijana, wamebaki kwenye midomo ya watu wasiowajua.

Tunayo methali tunayoipenda sana kwa mambo kama haya: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu akishaitamka, mjadala umekwisha, hakuna anayedai ushahidi tena. Nimeipima methali hiyo kwa kisa cha Murdaugh, na nimeona inatuangusha pande zote mbili. Lililosemwa halikuwapo, na lililokuwapo halikusemwa. Kisasi cha boti kilisemwa na wote, na hakikuthibitishwa popote. Wizi wa fidia za mayatima na walemavu ulikuwapo kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna kijiwe kilichoujadili. Kwa nini? Kwa sababu hesabu hazina utamu. Kwa sababu walioibiwa walikuwa maskini, wagonjwa au watoto, na walimwamini wakili wao kama mtu anavyomwamini daktari. Uvumi hukimbilia damu. Karatasi huziacha zilale mezani.

Na hapa ndipo ninapotutazama sisi. Kesi hii tumeichambua kwenye vikundi vya simu kana kwamba tunaishi Hampton. Jina kubwa la kwetu likiguswa na msiba, tunafanya hivyo hivyo kwa kasi zaidi, na sauti ya dakika mbili isiyo na mwenyewe husambaa kabla marehemu hajazikwa. Sisemi tunyamaze. Pale wenye nguvu walipofunga milango yote, kusema ni haki na pengine ni wajibu. Ninachosema ni kwamba tukisema, tuseme kwa kuuliza. Habari hii ilianzia kwa nani? Huyo aliyeianzisha alikuwa na la kuficha? Na fedha, siku ile, zilikuwa wapi?

Hilo la mwisho halihitaji hata jina kubwa. Kati yenu mnaonisikiliza wapo wenye ndugu aliyegongwa na basi, au mjane anayefuatilia mirathi, na kuna mtu mwenye tai aliyewaambia msiwe na wasiwasi, fedha zinashughulikiwa. Pengine ni mkweli, mawakili waaminifu wapo wengi. Lakini nendeni mkamwombe nakala ya makubaliano ya fidia, mkaulize bima imelipa tarehe gani na kiasi gani, na hundi imeandikwa jina la nani. Asikasirike. Wakili mwaminifu hujibu maswali hayo kabla chai haijapoa. Akianza kuwasimulia habari ndefu za maadui zake, nyinyi rudini kwenye hundi.